Kula ni Jioni

Mkinikuta pale Kanduyi nimekaa nje ya duka la mwanangu, msinisalimie kwa kuniuliza kama nimekula. Niulizeni habari za mvua, niulizeni habari za magoti, niulizeni hata kwa nini nimezeeka haraka hivi. Swali la kula liacheni. Lilinitoa jasho miaka ile nikiwa kazini, na mpaka leo nikiulizwa nasita kwanza, mke wangu ananitazama kama mtu aliyeanza kusahau mambo.

Jina langu ni Njoroge, lakini kina mama wa kliniki waliniita Daktari Mboga. Sikuwa daktari. Nilikuwa ofisa wa lishe, yule mtu wa meza ya mwisho, baada ya mizani na baada ya sindano, anayekwambia mtoto ale nini na kiasi gani. Watu wakifika kwangu walikuwa wamechoka, mtoto analia, na hawakuwa na hamu ya kufundishwa mapishi na mwanamume ambaye nyumbani kwake hajui chumvi huwekwa wapi. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii sasa mnajaza majibu ndani ya simu. Mimi nilikuwa na karatasi na kalamu nyekundu. Msinicheke. Hata simu inaweza kuandika upuzi, tena kwa haraka zaidi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kitale. Nilipewa picha kubwa ya sahani iliyogawanywa kwa mistari, mboga upande huu, ugali upande ule, nyama kwenye kona. Picha nzuri sana. Shida ni kwamba watoto wa kina mama niliowafundisha hawakuwa na sahani zao. Walizunguka sinia moja, wanne au watano, mwenye mkono mwepesi akashiba na mzembe akalamba vidole. Mama mmoja aliniuliza mistari hiyo ataichora wapi kwenye sinia.

Basi nikaitundika picha nyuma ya mlango, nikabuni mafundisho yangu. Nikawaambia: ugali wa mtoto uwe kiasi cha ngumi. Rahisi, hakuna kununua kipimo, kila mtu ana ngumi. Nilitembea kwa majivuno wiki nzima. Baada ya miezi miwili akarudi mama mmoja na mtoto wa miaka mitatu, tumbo limekaza kama ngoma.

"Mama, huyu unampa ugali kiasi gani?"

"Kiasi cha ngumi, daktari. Vile ulisema. Kila jioni tunapima na ya baba yake."

Baba yake alikuwa nje anamngoja. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya mahindi pale Kitale. Alininyooshea mkono kunisalimu, na mkono wangu ukapotea ndani ya wake.

"Ngumi ya mtoto!" nikamwambia mama. "Ya mtoto mwenyewe!"

"Ya mtoto?" Alikikunja kidole kwa kidole kile kiganja cha mwanawe, akakitazama. "Hii si ugali, daktari. Hii ni tonge."

Hapo nikajaribu kumweleza kwa upole kwamba mtoto amenenepa kupita kiasi. Nikasema, "Mama, huyu mtoto ana afya nyingi sana." Akanishukuru! Tena kwa furaha, mpaka na baba akaingia kunishukuru. Mnajua wenyewe jinsi tunavyosema huku kwetu: mtu akinona, ana afya. Akikonda, afya imepungua. Na ukutani nyuma yangu nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, herufi kubwa: TUNATAKA MTOTO MWENYE AFYA. Nilikuwa nimewauzia kina mama wa Kitale unene kwa miaka miwili bila kujua.

Kwa hiyo nilipohamishwa kuja upande wa Kibabii, niliamini kwamba habari za maneno nimeshazimaliza. Nilijiambia, Njoroge, sasa huwezi kukosea tena. Kwenye kituo hicho kidogo nilimkuta Sista Rispa, muuguzi msimamizi, mama mnene wa Kanduyi aliyetembea taratibu akiimba nyimbo za kanisa kwa pua. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kuliko mimi na hakupenda fomu. Mimi nilipenda fomu. Nilikuja na fomu mpya ya maswali kumi na mawili, na swali la kwanza lilikuwa: Mtoto anakula mara ngapi kwa siku? Chini ya mara tatu, unaweka alama nyekundu.

Kukhu Nasimiyu alikuja Jumanne. Kukhu ni nyanya, kwa Kibukusu, na kila mtu alimwita hivyo, hata wazee wenzake. Alikuwa na mjukuu wake, Nafula, msichana aliyekuwa karibu kutimiza miaka minne. Mama wa mtoto alikuwa ameolewa kwingine, akamwacha Nafula kwa kukhu tangu alipoacha kunyonya. Wawili hao waliishi peke yao, na mtoto hakumwachia nyanya yake leso hata alipopandishwa kwenye mizani.

"Kukhu, huyu mtoto anakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja, daktali."

"Mara moja tu?"

"Si jioni? Kura ni jioni."

Watu wa huku huzibadilisha l na r wanavyotaka. Yeye alisema kura, mimi nikaandika kula, nikajipongeza. Siasa ilikuwa imepamba moto siku hizo, kura kila mahali, na kosa pekee nililoliogopa lilikuwa hilo.

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nani anakura?" Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kama kuku huoga.

"Mchana je?"

"Mchana hakuna kura, mwanangu. Ni mpaka jioni."

Nikaweka alama nyekundu. Nikamsomea jibu lake, akakubali, akaweka kidole gumba kwenye wino na kukibandika chini ya karatasi. Alikibandika kwa fahari, kama mtu aliyesema ukweli wake wote.

Kisha nikamtazama mtoto. Mashavu mviringo. Mikono yenye mikunjo. Kwenye kadi ya kliniki nukta ya uzito wake ilikuwa imekaa juu, karibu kuivuka mistari yote. Mtoto anayekula mara moja kwa siku!

Nikaona mizani imeharibika. Nilitoka nikaenda dukani kununua pakiti ya sukari ya kilo mbili, nikaitundika. Kilo mbili kamili. Nikachukua ule utepe wa kupimia mkono, wenye nyekundu na njano na kijani, nikauzungusha kwenye mkono wa Nafula. Kijani, rangi ya mtoto aliyeshiba, tena kijani ya mbali. Nikaona utepe umevutika kwa kutumiwa sana. Nikachukua mwingine, mpya. Kijani.

Hapo ndipo nikaikumbuka shule. Mwili unaweza kuvimba kwa njaa mtu akaonekana mnene. Ukibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki. Nilipiga magoti mbele ya foleni nzima nikaubonyeza mguu wa Nafula. Shimo halikubaki. Nikabonyeza tena. Mtoto akacheka, akafikiri tunacheza, akanyoosha na mguu wa pili. Nikamwita Sista Rispa abonyeze yeye, labda kidole changu hakina nguvu.

Alibonyeza mara moja, akajifuta mikono. "Huyu mtoto hajavimba. Huyu mtoto ni mnene."

"Lakini anakula mara moja kwa siku."

"Nani amesema?"

"Nyanya yake. Ameweka kidole."

"Umeona jikoni kwake?"

"Nimeona fomu, Sista."

"Basi nenda uone jiko."

Sikwenda. Naona mnangoja niwape sababu nzuri. Sina. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na matope, baiskeli ya kituo ilikuwa na pancha. Na mimi nilikuwa mtu wa karatasi. Vitu vitatu vilikuwa vimeniambia mtoto anashiba, mizani, utepe na kidole, pamoja na macho yangu mwenyewe, na bado niliiamini karatasi kwa sababu niliiandika mimi. Nilimwamuru Kukhu: kuanzia leo mtoto ale mara tatu. Asubuhi, mchana, jioni. Nikarudia mara mbili asije akasahau.

"Mara tatu?" akasema. "Kura mara tatu? Huyu mdogo?"

"Mara tatu, Kukhu."

Akaondoka akitikisa kichwa.

Alinitii. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa mkaidi kama wengine, hakuna ambalo lingetokea. Mwezi uliofuata walirudi, na Nafula alitoka langoni mpaka kwenye benchi akihema kama aliyetoka shambani. Uzito umeruka. Tumbo gumu. Kukhu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto ana siku nne hajaenda choo.

"Sasa anakula mara ngapi?"

"Mara tatu, vile ulisema. Lakini daktali, mtoto anakataa. Anafunga mdomo ati hataki. Mimi namlazimisha tu, analia, mimi pia nalia."

Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikazidi kupotea. Mtoto aliyezoea njaa, anakataaje chakula? Halafu nikakumbuka tena shule, Mungu aisamehe: mtoto mwenye utapiamlo mbaya hupoteza hamu ya kula. Ndiyo hiyo! Kila kitu kikajipanga kichwani mwangu, uvimbe, tumbo, kukataa chakula. Nikaona huyu bibi ananidanganya, hampi kitu mpaka siku ya kliniki ikikaribia ndipo anamshindilia. Jioni hiyo niliandika barua kwa ofisi ya watoto. Niliandika kwamba mlezi amekiri mwenyewe kumpa mtoto chakula mara moja kwa siku. Nikaambatanisha na fomu yenye kidole.

Alhamisi ya wiki iliyofuata wakamchukua Nafula, wakampeleka kwenye nyumba moja ya watoto huko Kitale. Niliambiwa Kukhu hakupiga kelele. Aliwauliza tu kama huko anakopelekwa kuna mtu anayejua kumfunga kwa leso mgongoni, kwa sababu mtoto hapati usingizi bila kubebwa.

Sista Rispa hakuniimbia siku hiyo. Baada ya siku chache ile nyumba ya Kitale ikaomba kadi ya kliniki ya mtoto, na kadi ilikuwa imebaki kwa Kukhu. Sista aliniwekea funguo za baiskeli mezani. "Pancha imezibwa," akasema.

Nilifika saa tatu asubuhi. Kukhu alikuwa anafagia. Nilitegemea matusi, nikajitayarisha kwa matusi, na nyinyi mkitumwa kwenda mahali kama hapo nawashauri mjitayarishe kwa kitu kingine. Alinitazama, akaweka ufagio chini, akaniletea kiti.

"Karibu, daktali. Keti."

"Nimekuja kuchukua kadi tu, Kukhu."

"Kadi iko. Keti kwanza."

Akaniletea uji kwenye kikombe kikubwa cha bati, uji wa wimbi, mzito. Pamoja na uji akaleta mabwoni, vile viazi vitamu, vitatu vya moto, akasimama mpaka nikaanza kutafuna. Kisha akaenda kuitafuta kadi. Aliitafuta taratibu sana. Mvua ikaanza. Akarudi na ndizi mbivu nne, akasema mvua ya huku haina haraka. Sikuthubutu kukataa. Mtu aliyemwondolea mwenye nyumba mtoto atakataaje ndizi?

Saa sita mvua ikiwa bado inanyesha, akaniletea bakuli la githeri, mahindi na maharagwe, na nusu ya avokado juu yake. Nilikula lote, tena kwa furaha, kwa sababu kwetu shambani Kitale nililelewa kwa githeri. Wazazi wangu walitoka upande wa kati wa nchi na hawakujua kupika kingine. Saa nane, chai na mahindi ya kuchoma. Saa kumi mvua ikakatika. Nilikuwa nimelegeza mshipi mara mbili. Nikasimama, nikashukuru, nikanyoosha mkono nipewe kadi.

Kukhu alishtuka. Alishtuka kweli.

"Unaenda wapi? Utaenda aje bila kukura?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kukhu, nimekula tangu asubuhi."

"Umekura nini?"

"Uji. Viazi. Ndizi. Githeri. Mahindi."

"Uji si umekunywa?" akasema. "Mabwoni umetafuna. Ndizi ni ya kupitisha njaa. Hayo mahindi na maharagwe pia ni kutafuna tu. Wewe tangu uje hapa hujakura. Ngoja nisonge ugali. Kuna kuku, kuna mboga ya mrenda. Ati daktali wa serikali atoke kwangu na njaa? Watu watasema nini?"

Nilikaa chini.

"Kukhu," nikasema, "na Nafula… asubuhi alikuwa anatafuna nini?"

Akaniangalia, mwiko tayari mkononi, kwa mara ya kwanza bila adabu za mgeni. "Hayo hayo. Uji wake kikombe hicho ulichonywea. Mabwoni mbili, akitaka tatu. Ndizi. Mchana hayo mahindi. Akilia njaa, namchomea hindi. Halafu jioni ndio anakura, na mimi. Ndio nilikwambia. Si uliuliza kura?"

"Niliuliza."

"Mara moja. Si ni ukweli? Nani hapa kwetu anasonga ugali mara tatu? Hiyo unga itoke wapi? Nilifikiri unanicheka juu mimi ni maskini. Lakini ulisema mtoto atakuwa na afya, nikasonga. Nikasonga asubuhi, nikasonga mchana. Akikataa nikamshika taya." Akaanza kulia, na mkono uliokuwa umeshika mwiko haukuweka mwiko chini. "Nilimshika taya, daktali, mtoto ameshiba. Halafu wakaja wakasema simpi kura."

Aibu niliyoiona siku hiyo sijaiona tena, na nimezeeka. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba hilo neno nililijua. Mama yangu mwenyewe, siku ambazo githeri haikupikwa, alisema nyumbani hakuna chakula, na unga umejaa debe, kwa sababu kwake chakula kilikuwa githeri tu. Tulicheka naye kila mara. Na bado nilikaa kwenye meza yangu na kalamu nyekundu nikimwuliza mama wa watu swali ambalo mama yangu angelijibu vilevile.

Nilikula ule ugali. Ningefanyaje?

Kesho yake nilikwenda kwa ofisa wa watoto mwenyewe. Alikuwa Mbukusu, kijana mpole. Nilipomweleza alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Ungeniuliza tu, bana! Hata mimi nikinywa chai na mikate sita, nikifika nyumbani mama ananiambia sijakula." Kisha kicheko kikamwishia, akaitazama ile fomu yenye kidole. "Na mimi niliisoma," akasema. "Niliisoma hapa kwa hii meza. Sasa kwa nini mimi mwenyewe sikushtuka?" Sote wawili tulilijua neno lile mdomoni, lakini likiwa kwenye karatasi hatukulitambua.

Barua ya pili niliiandika mbele yake, ya kukiri kosa. Ilikuwa fupi na ilinichukua asubuhi nzima. Ofisa akatupa ruhusa, tukaenda Kitale sisi watatu, yeye, mimi na Kukhu aliyevaa viatu vya kanisani.

Mlezi wa ile nyumba alitupokea akiwa amechoka. Alisema mtoto huyo amewashinda. "Tunampa wali na maharagwe, anamaliza. Tunamuuliza, Nafula, umekula? Anasema bado. Tunamwongeza. Anamaliza. Umekula? Bado. Nikaona maskini, huyu alinyimwa sana. Siku kumi na moja tunamwongeza tu." Jikoni kwao ugali ulipikwa Jumapili peke yake.

Nafula alitolewa nje. Hakukimbia, hakuweza, alikuwa mzito. Alitembea mpaka kwa Kukhu, akaishika leso, akazunguka nyuma mwenyewe kungoja kubebwa. Kukhu alimbeba, uzito huo wote, na hakutaka tumsaidie.

Sasa sikilizeni, kwa sababu kazi ilikuwa bado. Kusema kweli mtoto alikuwa amenenepa kabla yangu, na baada yangu zaidi. Nilianza kwenda kwao kila Ijumaa kutazama jinsi anavyokula, bila fomu. Niliona Kukhu akimega ugali kwa mkono wake mkubwa, akifinyanga tonge, akimtia mtoto mdomoni, na lingine, na lingine, mpaka sahani iishe. Nikamwomba jambo moja: amwache mtoto amege mwenyewe. Kukhu akasema atachafua. Nikasema achafue. Mkono wa miaka minne unamega tonge la miaka minne, na kati ya tonge na tonge mtoto anatazama kuku, anauliza maswali, anasahau, na hapo tumbo linapata nafasi ya kusema limeshiba. Nilitafuta kipimo miaka mingi, mara sahani, mara ngumi, na kipimo kilikuwa mwisho wa mkono wa mtoto mwenyewe.

Tukamtengea sahani yake ndogo, mboga ikiwekwa upande wa karibu naye. Akibakisha, ibaki. Hilo lilimshinda Kukhu kwa muda mrefu. "Akibakisha, watu wataona mimi nimepika vibaya," alisema. Nikamwambia abakishe, kuku wale. Tulibishana juu ya hilo mpaka mvua za mwaka uliofuata, na sina hakika kama nilishinda, lakini mtoto akaanza kukimbia tena.

Kwenye kliniki nililifuta lile swali la kwanza kwa wino mpaka karatasi ikatoboka. Nikaandika langu: Tangu jana asubuhi, ni nini kimepita mdomoni mwa mtoto? Kukhu aliporudi kliniki kwa mara ya kwanza baada ya Kitale, aliketi mbele yangu akitazama ukuta. Kwake nyumbani tulikuwa tumeshazoeana kidogo, lakini kwenye meza ile alikuwa mtu mwingine. Nikamuuliza swali jipya.

"Andika," akasema. "Uji, kikombe nusu. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Bwoni moja, ndogo. Andika ndogo. Maji. Andika na maji, usije ukasema mtoto ana kiu. Ndizi moja. Avokado, kijiko tatu. Hindi, nusu, ingine alipea mbuzi. Andika mbuzi."

Niliandika mbuzi. Foleni ilinung'unika nyuma yake, Sista Rispa akaanza kuimba kwa pua, nikageuza karatasi upande wa pili. Alipomaliza, mazoea yakanishika, sijui ni shetani gani, nikasikia mdomo wangu ukiuliza, "Na kula?"

Kukhu alisimama. Akafunga leso, akachukua kadi yake.

"Hiyo ya kura," akasema, "si uliandika wewe mwenyewe? Iko huko ofisi ya watoto. Nenda usome."

Akaondoka. Nafula alikuwa amemshika mkono, akitembea kwa miguu yake. Mlangoni akageuka. Alikuwa amefundishwa vizuri huyo mtoto, hakumwacha mtu bila kumjulia hali.

"Daktali," akaita, "wewe umekura?"

Kukhu alisimama pale pale mlangoni, hakugeuka, akangoja. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekunywa chai vikombe viwili na mkate nusu, na viazi viwili vya kuchemsha alivyonifungia mke wangu.

"Bado," nikamjibu. "Mpaka jioni."